Dawa ya Hewa na Saratani Iliyokawia: Historia ya Limfoma ya Kifuani nchini Japani

Mnamo mwaka 1987, jarida la kitabibu la Marekani liitwalo Cancer lilichapisha taarifa ya madaktari wa Japani, wakiongozwa na Keiji Iuchi, juu ya wagonjwa waliopatwa na saratani mahali ambapo saratani ya namna ile haikuzoeleka kutafutwa. Haikuanzia ndani ya pafu lenyewe, wala katika tezi za limfu za shingoni au za kwapani, bali katika nafasi nyembamba iliyo baina ya pafu na ukuta wa kifua. Kwa wagonjwa hao nafasi hiyo ilikuwa na usaha tangu miongo kadhaa iliyotangulia. Walikuwa wamewahi kuugua kifua kikuu, wakatibiwa, wakapona, wakarudi kazini na kulea watoto. Kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kusahauliwa. Usaha ulikuwa umebaki.

Taarifa hiyo ilihusu wagonjwa wachache mno. Hata hivyo ilifungua swali ambalo si la tabibu peke yake, bali ni la mwanahistoria pia: yawezekanaje tendo la tiba lililofanywa katika miaka ya 1940 lije kuzaa saratani katika miaka ya 1980? Na kwa nini saratani hiyo ionekane zaidi Japani, ilhali tiba yenyewe ilibuniwa Italia na kuenezwa Ulaya na Amerika kabla ya kufika Asia ya Mashariki? Majibu yake yanapitia katika sanatoria za Ulaya, viwanda vya hariri vya Japani na, jambo ambalo msomaji wa Afrika ya Kati atapenda kulijua, hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Kwanza yafaa maneno yafafanuliwe. Mchochota ni hali ya mwili kujitetea dhidi ya kidonda au vijidudu: mahali palipoguswa huwa na joto, wekundu, uvimbe na maumivu, na chembe nyeupe za damu hukusanyika hapo. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua siku au majuma, kisha chembe hutawanyika. Usipokwisha, mchochota huwa sugu, na chembe huendelea kuzaana mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Limfoma ni saratani ya mojawapo ya chembe hizo nyeupe, zile zinazoitwa limfositi. Tangu mwaka 1863 Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani, alikuwa amekwisha kudai kwamba uvimbe wa saratani waweza kuchipuka mahali penye mchochota wa muda mrefu. Dai lake lilipuuzwa kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, na wagonjwa wa Japani ni miongoni mwa waliolirudisha mezani.

Kulilaza pafu

Tiba inayohusika hapa ilianza na wazo rahisi: kiungo kilichoumia hupona kikipumzishwa. Mfupa uliovunjika hufungwa ili usitikisike. Lakini pafu litapumzishwaje, nalo hupanda na kushuka usiku na mchana? James Carson, tabibu wa Liverpool, alikuwa amekwisha kuliwaza jambo hilo katika miaka ya 1820, akafanya majaribio kwa sungura. Aliyelifanya kuwa tiba ya kweli ni Carlo Forlanini wa Italia. Aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu ambao hewa iliingia kwa bahati mbaya kati ya pafu na ukuta wa kifua, hata pafu likanywea, walipata nafuu badala ya kufa. Mwaka 1882, mwaka ule ule ambao Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, Forlanini alichapisha pendekezo la kuisababisha hali hiyo kwa makusudi. Mwaka 1888 alimtia mgonjwa sindano ya kwanza, na mwaka 1894 aliwaeleza wenzake habari hizo katika mkutano wa kimataifa wa utabibu uliofanyika Roma.

Utaratibu wenyewe, ambao madaktari waliuita nyumotoraksi ya kutengenezwa, ulikuwa hivi. Sindano ilipitishwa katikati ya mbavu mpaka kwenye nafasi iliyo baina ya tando mbili za kifua. Naitrojeni, na baadaye hewa ya kawaida, ilitiwa humo polepole huku kipimo cha mgandamizo kikitazamwa. Pafu lililaliwa na hewa hiyo, likajikunja, na matundu yaliyochimbwa na ugonjwa yakafumbana. Kwa kuwa mwili huinyonya hewa, ilibidi mgonjwa arudi kuongezewa kila baada ya siku au majuma kadhaa, kwa muda wa miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Katika kazi hiyo ndefu sindano ilirudi mahali pamoja mara nyingi mno. Tando zilizogandana zilichanika; vijidudu vya kifua kikuu, na mara nyingine vijidudu vingine vilivyoingia kwa sindano, vilipata njia. Maji yalijikusanya kifuani, nayo mara nyingine yakageuka usaha.

Waliokuwa wakiifanya kazi hiyo hawakuwa wajinga wa hatari hizo. Usaha wa kifuani ulitajwa katika vitabu vyao kama tatizo la kawaida la tiba hiyo. Walipima hatari moja na nyingine, na ile nyingine ilikuwa kifo. Mnamo mwaka 1912 mkutano wa kimataifa dhidi ya kifua kikuu uliofanyika Roma uliikubali njia ya Forlanini, na baada ya Vita Kuu ya kwanza karibu kila sanatoria ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini iliitumia. Thomas Mann aliwaweka wagonjwa wa namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1924 juu ya sanatoria ya Davos. Wanajiita chama cha nusu pafu, na mmoja wao anaweza kupiga mluzi kwa hewa iliyomo kifuani mwake.

Jambo moja ambalo mwanahistoria wa leo hawezi kuliacha ni kwamba tiba hiyo haikupimwa kamwe kwa njia ya kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa yaliyogawanywa kwa kura. Kipimo hicho kilikuja kwa dawa iliyoiondoa. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Kitabibu la Uingereza lilitoa matokeo ya streptomisini: kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa hiyo, 4 walifariki katika miezi sita, kati ya 52 waliolazwa kitandani tu, walifariki 14. Hewa ya Forlanini haikuwahi kusimama mbele ya hesabu ya namna hiyo. Huenda iliokoa watu wengi. Huenda wengine wangepona bila hiyo. Waliopona wenyewe hawakuwa na shaka yoyote, na ushahidi wao ndio ulioieneza.

Japani na ugonjwa wa taifa

Nchini Japani kifua kikuu kilikua pamoja na viwanda. Katika mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wasichana wa mashambani walichukuliwa kwa mikataba kwenda kusokota pamba na hariri, wakilala katika mabweni yaliyosongamana na kufanya kazi kwa zamu za usiku na mchana. Waliougua walirudishwa kwao, nao wakaupeleka ugonjwa katika vijiji ambavyo havijaujua. Ishihara Osamu, tabibu aliyekagua viwanda hivyo, aliyaweka mambo hayo wazi katika hotuba yake mashuhuri ya mwaka 1913 juu ya wasichana wa viwandani na kifua kikuu. Ugonjwa huo haukuchagua tabaka: katika fasihi peke yake uliwaondoa Higuchi Ichiyo mwaka 1896, Masaoka Shiki mwaka 1902 na Ishikawa Takuboku mwaka 1912, wote wakiwa bado vijana au hawajafika uzee.

Kuanzia mwaka 1935 hadi 1950 kifua kikuu kilishika nafasi ya kwanza miongoni mwa sababu za vifo nchini humo. Mwaka 1947, katika njaa na magofu yaliyofuata vita, watu zaidi ya 140,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Waliouawa zaidi walikuwa vijana. Katika hali hiyo, nyumotoraksi ya kutengenezwa ilikuwa tiba iliyopatikana: haikuhitaji chumba kikubwa cha upasuaji wala dawa ya kununuliwa ng'ambo, ilihitaji sindano, mpira, chupa, kipimo na mkono uliozoea. Ilitumika kwa wingi katika miaka ya 1930 na 1940, ikaendelea hadi miaka ya 1950.

Hapo ndipo tofauti na Ulaya inapoanza kuonekana, ingawa si tofauti ya tiba bali ya majira. Mgonjwa wa Milano au wa Davos aliyetiwa hewa mwaka 1920 aliishi miaka mingi bila dawa yoyote ya kuua kijidudu. Ikiwa usaha ulimwingia kifuani, aghalabu usaha huo ulimwua. Mgonjwa wa Osaka aliyetiwa hewa mwaka 1947 au 1950 alifikiwa na streptomisini, na baadaye isoniazidi, ambayo nguvu yake dhidi ya kifua kikuu ilitangazwa mwaka 1952. Dawa zilikizuia kifua kikuu kisimwue; hazikuweza kuliondoa pango lililokwisha kujengeka kifuani. Basi Japani ilipata kizazi kizima cha watu wenye usaha wa kale, waliolindwa na dawa mpya, katika nchi ambayo umri wa kuishi ulikuwa ukirefuka haraka kuliko karibu nchi yoyote duniani. Maelezo haya hayatoshi peke yake, kama itakavyoonekana, lakini bila hayo mengine hayaeleweki.

Kifua kilichosahauliwa

Ni vema kueleza watu hao walikuwa wakiishi na kitu gani. Pafu lililolazwa kwa miaka mingi haliinuki tena kikamilifu, kwa kuwa utando wake umekuwa mnene na mgumu kama ngozi kavu. Kati yake na mbavu hubaki chumba. Kuta za chumba hicho hupata chokaa, hata picha ya eksirei huonyesha ganda jeupe kama la yai. Ndani yake mna usaha mzito, mara nyingi usio na kijidudu hai kinachoweza kuoteshwa maabarani. Mwenye kifua hicho huenda hana homa wala maumivu. Huhema kidogo akipanda ngazi, basi. Daktari mpya humwuliza juu ya picha, naye hujibu kwamba ni mambo ya zamani, ni kovu la kifua kikuu.

Neno hilo «kovu» ndilo lililoficha mambo. Kovu ni jeraha lililokwisha. Chumba cha usaha ni mchochota usiokwisha. Kwa miaka thelathini au arobaini limfositi ziliitwa mahali hapo, zikazaana, zikafa, zikaitwa tena.

Halafu siku moja mtu huyo, sasa ana miaka sitini na zaidi, huanza kuona maumivu ya kifua au ya mgongo, homa, au uvimbe unaosukuma nje kupitia kati ya mbavu. Daktari hufikiri kwamba kifua kikuu kimerudi, au kwamba usaha umetafuta njia ya kutokea. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila mafanikio. Ni baada tu ya kukata kipande cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini ndipo huonekana kwamba chembe zilizojaa humo ni za saratani.

Mkoa wa Osaka ulikuwa na hospitali zilizorithi kazi ya sanatoria za zamani, na pia chuo kikuu chenye wanapatholojia waliopendelea limfoma, miongoni mwao Katsuyuki Aozasa. Umuhimu wa ujirani huo haukadiriki. Mpasuaji wa kifua aliyajua majalada ya kale. Mwanapatholojia alizijua chembe. Ambapo watu wa namna hizo mbili hawakuonana, mgonjwa aliandikwa kuwa na limfoma ya kawaida, na hewa aliyotiwa akiwa na miaka ishirini na tano haikuandikwa popote. Hapana shaka kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea mahali pengi duniani, na ni vigumu leo kuwarudisha wagonjwa hao katika hesabu.

Mwaka 2002 Nakatsuka na wenzake, Aozasa akiwamo, walikusanya habari za wagonjwa 106 kutoka hospitali mbalimbali za Japani. Umri wa kati ulikuwa miaka 64. Wanaume waliwazidi wanawake mara 12 na zaidi. Asilimia 80 walikuwa wametiwa hewa kifuani kwa ajili ya kifua kikuu cha mapafu. Wengi wa waliosalia walikuwa wameugua kifua kikuu cha utando wenyewe. Kati ya mwanzo wa usaha na kuonekana kwa saratani ilipita miaka 20 kwa uchache, 64 kwa wingi, na 37 kwa wastani wa kati. Baada ya kugunduliwa, waliokuwa hai miaka mitano baadaye walikuwa kama mmoja katika kila watano. Mara nyingi imetajwa kwamba, miongoni mwa wenye usaha sugu wa kifuani, takriban asilimia 2 hupata limfoma hii. Asilimia hiyo yaonekana ndogo. Kwa ugonjwa ambao kwa watu wengine haupo kabisa, ni kubwa ajabu. Uchunguzi uliofanywa baadaye, wa kuwalinganisha wenye usaha waliopata limfoma na wenye usaha wasioipata, ulionyesha kwamba kutiwa hewa kwenyewe huongeza hatari, wala si usaha peke yake.

Kirusi kutoka Kampala

Mchochota peke yake haukutosha kueleza. Watu wengi sana huwa na vidonda vya miaka mingi bila kupata limfoma. Ilibidi pawe na mwenzi, na mwenzi huyo alikuwa amekwisha kugunduliwa kwa sababu ya watoto wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alieleza juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda kwa majuma machache. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili, maili zipatazo elfu kumi, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Ilidhihirika kwamba unafuata joto na mvua, yaani nchi za malaria kali. Ukanda huo unavuka Afrika ya ikweta yote, na Kongo imo katikati yake. Mnamo tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kimoja kilicheleweshwa kwa sababu ya ukungu uliolazimisha ndege kutua Manchester. Kilipofika, chembe zake zilikuwa zimejitenga na kuelea katika maji, na kumbe hivyo ndivyo zilivyopenda kuota. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba katika chembe hizo, kwa hadubini ya elektroni, wameona kirusi kipya. Kikaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Achong, mzaliwa wa Trinidad, jina lake likaachwa nje.

Baadaye ilifahamika kwamba kirusi hicho kimo mwilini mwa watu wazima zaidi ya asilimia 90 duniani kote. Hulala ndani ya limfositi za namna inayoitwa B, na askari wa mwili, yaani limfositi za namna ya T, hukilinda kisiamke. Basi mwaka 1993 makundi ya watafiti wa Japani, mojawapo likiongozwa na Masashi Fukayama, yalionyesha kwamba kirusi hicho hicho kimo ndani ya chembe za limfoma ya usaha wa kifuani. Katika wagonjwa 106 waliotajwa, kilionekana kwa asilimia 70.

Ajabu kubwa zaidi ilikuwa katika namna kirusi kilivyojionyesha. Katika uvimbe wa Burkitt, kirusi hujificha: karibu protini zake zote huzimwa ili askari wa mwili wasikitambue. Katika limfoma ya kifuani, kinyume chake, protini ambazo kwa kawaida humwamsha askari hutolewa waziwazi. Hali kama hiyo huonekana kwa watu ambao kinga yao imevunjwa, kama waliopandikizwa figo na kupewa dawa za kuinyamazisha kinga. Lakini wazee wa Osaka hawakuwa na kinga iliyovunjika. Damu yao ilikuwa na askari wa kutosha. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba chumba chenyewe cha usaha, kilichozungukwa na ganda la chokaa na utando usiopitisha damu nyingi, kilikuwa mahali ambapo askari hawakufika au wakifika hawakuwa na nguvu. Tena chembe za mchochota humwaga humo vichocheo ambavyo huzilisha limfositi B na kuwatuliza askari. Pango lililojengwa na tiba likawa kimbilio la kirusi.

Mtu anayeujua uvimbe wa taya wa watoto wa kwetu atatambua umbo la jambo hili. Huko ni malaria inayoisumbua kinga ya mtoto bila kumpumzisha. Huku ni usaha. Kirusi ni kimoja. Katika mahali pote pawili, kirusi ambacho binadamu karibu wote hukibeba bila madhara hugeuka pale ambapo kitu kingine kimezichosha chembe kwa kuzisukuma zizaane bila kikomo.

Ufaransa, na jina jipya

Kwa muda fulani ilidhaniwa kwamba ugonjwa huo ni wa Wajapani tu. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Ufaransa walianza kuandika habari za wazee wao waliotiwa hewa zamani, nao walikuwa na limfoma ile ile na kirusi kile kile. Hata hivyo idadi ilibaki ndogo ikilinganishwa na ya Japani, ijapokuwa Ufaransa haikuwa na uhaba wa sanatoria. Majira ya dawa, yaliyoelezwa hapo juu, ni sehemu ya jibu. Tofauti za kurithi katika kinga ya watu wa Asia ya Mashariki na katika aina za kirusi zimependekezwa pia, bila kuthibitishwa kwa namna inayomaliza ubishi. Wanaume kuwa wengi kiasi kile nako hakujapata ufafanuzi unaoridhisha.

Inafaa pia kutaja kwamba hewa ya Forlanini ilikuwa na deni la pili. Ili kuona jinsi pafu lilivyolala, madaktari wa Amerika ya Kaskazini walimsimamisha mgonjwa mbele ya eksirei kila alipokuja kuongezewa, mara kadhaa hata mia. Mwaka 1965 Ian MacKenzie wa Nova Scotia, Kanada, alionyesha kwamba wanawake waliotibiwa hivyo walipata saratani ya matiti kupita kiasi cha kawaida. Njia ya madhara ni tofauti kabisa, kwa kuwa hapa ni mnururisho, si mchochota. Lakini namna ya kugundua ni moja: mtu alirudi kwenye majalada ya sanatoria na kuuliza walioruhusiwa kwenda nyumbani walikwenda kupatwa na nini.

Suala la uainishaji lilichukua miaka. Mwaka 1994 Chang na Moore waligundua nchini Marekani kirusi kingine, cha namna ya herpesi, ambacho huleta limfoma inayoelea katika maji ya kifuani bila kufanya uvimbe, hasa kwa wenye UKIMWI. Baadhi ya wataalamu walizichanganya limfoma hizo mbili kwa sababu zote hukaa kifuani. Ilibainika kwamba limfoma ya usaha hufanya uvimbe mgumu, haina kirusi hicho kipya, na mwenyewe hana upungufu wa kinga. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliipa nafasi yake katika kitabu chake cha limfoma, na likaichagulia jina pana zaidi: limfoma ya chembe kubwa za B inayohusiana na mchochota sugu. Neno usaha liliondolewa katika jina, kwa kuwa limfoma ya namna hiyo ilikuwa imeonekana pia katika mfupa uliooza kwa miaka mingi, katika vidonda sugu vya miguu, na kandokando ya vyuma vilivyopandikizwa ndani ya mwili.

Tiba yake imebaki ngumu. Kwa limfoma ya tumbo inayoletwa na bakteria wa helikobakta, ilionekana mwaka 1993 kwamba ukiwaua bakteria kwa dawa za kawaida, limfoma nayo yaweza kunywea: mchochota ukikoma, saratani hukosa chakula. Wengine walitumaini kwamba kifua kingetii kanuni hiyo. Hakikutii. Dawa za saratani hupunguza uvimbe kwa muda, lakini wagonjwa ni wazee wenye pafu moja na nusu, na chumba cha usaha kilichofungwa hakipenyeki kwa urahisi. Wachache ambao uvimbe wao ulikuwa mdogo waliweza kukatwa chumba chote pamoja na ganda lake, na baadhi yao waliishi miaka mingi. Ni upasuaji mzito, wenye kutoa damu nyingi, unaowezekana tu ikiwa mtu amegunduliwa mapema. Na kumgundua mapema kunahitaji daktari anayejua kwamba kovu lile si kovu.

Waliotiwa hewa mwisho, katika miaka ya 1950, wakiwa na umri wa miaka ishirini, wamefikia umri wa miaka tisini, nao wamebaki wachache. Kwa hiyo limfoma ya usaha wa kifuani, kama ilivyojulikana Osaka, inatoweka pamoja na wenyewe. Lakini usaha wa kifuani unaotokana na kifua kikuu kisichotibiwa mapema haujatoweka katika nchi zenye ugonjwa mwingi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka Kongo miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mgonjwa mwenye usaha huo anayeponywa kifua kikuu leo akiwa na miaka ishirini na mitano atafikia ile miaka 37 ya wastani akiwa na miaka 62, na atakayempokea wakati huo atahitaji kuwa na jalada lake.